Baiskeli Isiyochukuliwa

Nilipohamia Msuka, kisiwani kwao mke wangu, vitu vilivyokuwa vyangu mwenyewe ni begi la nguo, baiskeli, na mnyororo wa kuifungia. Vingine vyote, kuanzia kitanda hadi sufuria, vilikuwa vya mama mkwe wangu. Mnyororo niliununua Kariakoo baada ya kuibiwa baiskeli ya tatu. Ulikuwa mnene kama kidole gumba, umevishwa mpira mweusi, na kufuli lake lilikuwa zito hata ukilitia mfukoni suruali inashuka. Muuzaji aliapa kwamba zimamoto wenyewe hawawezi kuukata. Sikumwamini sana, ila niliondoka pale nikijiona mtu mwenye akili.

Dar es Salaam kazi yangu ilikuwa kusambaza mikate. Kila alfajiri nilifunga sanduku kwenye keria nikapita vichochoroni kuwapelekea wenye maduka kabla watu hawajaamka. Baiskeli ya kwanza iliibwa nikiwa naswali, ya pili nikiwa nakunywa chai huku naiangalia, na ya tatu hata leo sijui iliondokaje. Mtu aliyeibiwa mara tatu hutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Mke wangu alinisema kwa tabia hiyo tangu tulipooana, na mimi nilimjibu kwamba yeye kakulia kisiwani, hajui dunia.

Ni yeye aliyetaka turudi kwao. Mama yake alikuwa na sukari, macho yamepungua, na mguu mmoja una kidonda kisichotaka kupona. "Nimekufuata miaka tisa," aliniambia mke wangu. "Zamu yako weye kunifuata." Kwetu Kilosa mwanamume kuhamia kwa wakwe ni jambo la kuchekwa, nami nilipompigia mama yangu kumwambia, nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Aliuliza kama huko ninakokwenda kumezungukwa na bahari pande zote. Nikasema ndiyo.

"Sasa ukihitajika utakujaje?"

Mimi ndiye niliyecheka. Nikamwambia kuna meli, kuna ndege, dunia ya siku hizi ni ndogo.

Msuka nilipata kazi ileile ya mikate. Nilikwenda Konde alfajiri kuchukua boflo za moto, nikarudi nazo kuzigawa madukani. Kazi ileile, lakini si uendeshaji uleule. Dar nilikuwa napita kama naogopa kukamatwa. Huku kila nyumba ina baraza, kila baraza ina mtu, na mtu hapitwi hivihivi. Ukimwambia "Sabalkheri" naye akaitikia, ndiyo kwanza mmeanza. Atakuuliza habari za utokako, za mkeo, za mama mkweo, kisha za mguu wa mama mkweo, na hilo la mguu halijibiwi ukiwa juu ya baiskeli. Wiki ya kwanza nilifika duka la mwisho watu wameshakunywa chai kwa muhogo. Mwenye duka alizitazama boflo, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba labda zitafaa kwa chai ya jioni.

Nilikuwa na hasira nyepesi siku hizo. Niliona kisiwa kizima kimekaa barazani kunichelewesha.

Siku moja nikiwa natoka Konde, upande wa Mgogoni, nikamwona mwanamume wa makamo aliyevaa kanzu akiikokota baiskeli kandokando ya barabara. Sisi waendesha baiskeli tuna huruma zetu. Nikasimama.

"Pancha?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Cheni?"

Akatikisa tena. Nikashuka nikalibonyeza tairi lake la nyuma kwa kidole. Lilikuwa gumu kama jiwe. La mbele pia. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Mbona nzima hii! Panda bwana, jua litakuua bure."

"Ahsante, yakhe," alisema. "Siendi mbali."

Akaendelea kuikokota kuelekea nyumba iliyokuwa ng'ambo. Uani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akifagia. Alikuwa ameacha kufagia. Alisimama na ufagio mkononi akimtazama yule mtu anavyokuja, nami nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu.

Jioni nikakisimulia kisa hicho wakati wa chakula, nikiiga na sauti. Kuna mtu huku ana baiskeli nzima kabisa na anaikokota! Mama mkwe aliacha kutafuna. Mke wangu aliweka tonge chini akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Mtu akifiwa na mzazi au mtoto aliye kijiji kingine, habari hiyo haipelekwi kwa simu. Anatumwa mtu. Na aliyetumwa haendeshi mpaka mlangoni. Anashuka mbali, pale anapoweza kuonekana, anaikokota baiskeli pole pole, ili mwenye msiba apate hatua chache za kuanza kujua kabla hajaambiwa.

"Na simu zipo za nini?" niliuliza. Nilikuwa nimeona aibu, na aibu kwangu hutoka ikiwa imevaa ubishi.

"Ntu akianguka, simu itamshika wapi?" alisema mama mkwe. Akaendelea kula.

Kwa hiyo niliambiwa. Naandika hili mapema ili lisije likasahaulika mbele: niliambiwa, na nilisikia.

Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa fundi baiskeli, au fundi baskeli kama wanavyosema wenyewe, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyeziba viraka chini ya kibanda cha makuti. Jirani wa upande wa kulia alikuwa mzee mgonjwa wa kifua, mcheshi sana, aliyefiwa na mkewe na ambaye bintiye wa pekee alikuwa ameolewa Shumba. Binti huyo alikuja karibu kila wiki kumfulia na kumpikia, na siku asipokuja mzee alikula kwetu.

Mwezi wa kwanza haujaisha, nilitoka msikitini baada ya adhuhuri nikakuta baiskeli yangu haipo. Nilikuwa nimeiegemeza ukutani pamoja na nyingine saba au nane, na siku hiyo sikuifunga, kwa sababu niliona wengine hawafungi na nikaona haya. Zile nyingine zilikuwapo. Yangu tu ndiyo haikuwapo. Damu ilinipanda. Nikapiga kelele, "Mwizi! Nimeibiwa! Nani kachukua baiskeli yangu?" Watu walisimama na kandambili mikononi. Hakuna aliyekimbia kokote. Nami nikazidi kupiga kelele, maana huko nilikotoka ukisema mwizi watu hukimbia, na huku walikuwa wananitazama mimi.

Ndipo akatokea fundi baiskeli, anaendesha baiskeli yangu, na kwenye keria amekaa yule mzee jirani, ameshika kifua kwa mkono mmoja na mfuko wa dawa kwa mwingine. Alizidiwa wakati sisi tunaswali, fundi akachukua baiskeli iliyo karibu akampeleka kituo cha afya. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Baiskeli zilizo ukutani, wakati wa ugonjwa au msiba, ni za yeyote mwenye haja.

Mzee alishuka, akakohoa, akaitazama hadhira yangu.

"Mwizi gani huyu," alisema, "kaiba baskeli, kaiba na mzee."

Watu walicheka, na walicheka kwa wema, lakini mimi nilisikia kuchekwa tu. Badala ya kuomba radhi nilichukua baiskeli yangu nikaenda nyumbani, nikautoa mnyororo kwenye begi. Kuanzia siku hiyo niliifunga. Niliifunga dukani, niliifunga Konde, niliifunga msikitini kwenye mti wa mkungu, na nyumbani niliifunga kwenye nguzo ya baraza. Mke wangu aliniambia, "Baskeli haifungwi kuno. Wamfungia nani?" Nikamjibu ni mali yangu. Yule mzee kila nikipita alikuwa akiniuliza, "Mwizi hajaja leo?" na mimi, nilipoizoea sauti yake, nikawa namjibu, "Bado mzee, labda kesho." Nilimpenda. Lakini sikuacha kufunga.

Alifariki asubuhi ya siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimeshagawa mikate, nikarudi nyumbani, nikaifunga baiskeli kwenye nguzo, nikaiacha simu ndani inachajiwa, nikaenda kwa miguu kumchimbia mama mkwe muhogo shambani kwake. Njia ya kule huishia kwenye mchanga mtupu, na kwa mzigo wa muhogo baiskeli haisaidii kitu. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Mambo yaliyotokea nyuma yangu nimesimuliwa na mke wangu, mara moja tu, na sijamwomba arudie. Mzee alikata roho kwenye saa tatu na nusu. Ikaamuliwa azikwe baada ya adhuhuri. Fundi akatumwa Shumba kumfuata binti, maana alikuwa mtoto wa pekee, na mwanamke haendi makaburini. Kama anataka kumwona babake, lazima afike kabla jeneza halijatoka nyumbani. Baiskeli ya fundi mwenyewe ilikuwa imefunguliwa vipande. Wanaume walikuwa baharini na mashambani na baiskeli zao, na pikipiki zote mbili za karibu zilikuwa zimekwenda Konde na abiria. Ilibaki yangu, imesimama barazani, inang'aa, tairi zimejaa.

Fundi aliushika mnyororo akauvuta. Mke wangu alinipigia simu, simu ikaita chumbani, na shamba lilikuwa mbali mno kunifuata. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hatoki kitandani bila kushikwa mkono, alipapasa ukuta mpaka jikoni akarudi na kishoka. Alilipiga kufuli. Alilipiga mara nyingi, na kwa macho yake yale mara nyingine alipiga sakafu. Alama za kishoka kwenye saruji zipo hadi leo. Muuzaji wa Kariakoo alisema kweli, kufuli halikukubali. Fundi akatoka mbio kwa miguu.

Niliporudi na muhogo begani, nilimkuta mama mkwe amekaa barazani, kishoka mapajani. Kwa jirani kulikuwa na watu wengi na mkeka umetandikwa nje. Nikafahamu nusu. Yeye hakunisalimu.

"Ufunguo unao?" aliniuliza.

Nikautoa mfukoni. Nikaambiwa kwa ufupi. Nilifungua, nikapanda, nikaenda kama nilivyokuwa nikienda Dar, nikapita barabara yote bila kumsalimu mtu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenitazama vibaya. Nilikutana nao baada ya Mgogoni. Fundi alikuwa amepata njiani baiskeli isiyo na breki wala keria ya maana, na yule binti amekaa nyuma, amejishika kwenye shati lake, buibui limejaa vumbi. Nikapiga kelele kwamba apande kwangu, yangu ni nyepesi. Hawakusimama. Sidhani walikataa. Kusimama ni kupoteza muda. Nikageuza, nikawafuata nyuma yao njia nzima, na keria yangu tupu.

Nyumbani walimngojea binti mpaka shehe akasema inatosha, maiti asisumbuliwe. Tulipofika, kina mama walikuwa wanafagia chumba. Binti alisimama mlangoni.

"Keshatoka?"

"Keshatoka," waliitikia.

Akakaa pale pale kizingitini. Mimi nilisimama uani nimeshika baiskeli, sikujua niiweke wapi.

Siku ya khitma nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana yake. Hakuniacha niyamalize. "Hukujua," aliniambia, na akageuka kuwapa wageni kahawa. Alisema kwa huruma, ndiyo maana liliniuma. Angenitukana ningelala. Maana nilijua. Nilielezwa mbele ya sahani ya wali, na aliyenieleza alikuwa mke wangu.

Hakuna mtu kijijini aliyenilaumu. Walisema ni siku yake, walisema yaliyoandikwa yameandikwa, wakaendelea kuniuliza habari za mguu wa mama mkwe. Mnyororo nilimpa mama mkwe, nikamwambia aufanye apendavyo. Akafungia mbuzi. Basi tukawa na mbuzi mmoja Msuka nzima aliyefungwa kwa mnyororo wa zimamoto, na kila alipotingisha shingo kufuatia majani niliusikia, nikiwa nakula, nikiwa naswali, nikiwa najaribu kulala mchana.

Nami nikaanza kuiacha baiskeli wazi. Niliiweka ukutani mwa msikiti mbele kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo mtu hawezi kuikosa. Niliipaka mafuta, nikamwomba fundi anyooshe spoku, nikanunua kengele mpya. Nilikuwa nangoja ichukuliwe. Sikutaka kitu kingine chochote. Niliona kwamba siku itakayochukuliwa ndiyo siku nitakayokuwa nimesamehewa, na ndiyo siku nitakayoweza kusema nakaa Msuka, siyo kwamba nimemfuata mke wangu.

Haikuchukuliwa. Mtoto wa mtaa wa juu aliumwa na nge, wakachukua baiskeli isiyo na kiti. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, wakapita mbele ya yangu wakachukua ya muadhini ambayo cheni yake hutoka kila mita hamsini, mimi nikiwa nimesimama pale pale nasema, "Chukueni hii! Hii hapa!" Wakanishukuru. Wakasema wameshaishika ile. Nyuma ya sanduku la mikate nikawa nagundua buibui wametanda utando, na nikamwapia mke wangu kwamba ni buibui wa kiburi cha watu wa kwao.

Siku moja nilimuuliza fundi wazi. Alikuwa anapiga kiraka, tyubu ndani ya beseni la maji, anatafuta tundu.

"Kwani nimefanya nini tena?"

"Hukufanya kitu."

"Mbona hamuichukui?"

Alingoja mapovu yatokee. "Ile baskeli ya ntu," alisema.

Nilifikiri nitamtupia beseni. Baiskeli ya mtu! Kwani zile nyingine ni za mashetani? Lakini nilijua anachosema. Zile nyingine zilikuwa zao. Yangu ilikuwa ya mtu, na mtu mwenyewe alishawaonyesha anavyoipenda. Hawakuwa wananiadhibu. Walikuwa wananiheshimu, kama anavyoheshimiwa mgeni ambaye hapendi vyombo vyake viguswe, na ukiheshimiwa hivyo huna pa kushtaki.

Jioni ile nilimwambia mke wangu turudi Dar. Nilisema kwa ukali, nikazungumza habari ya kazi, habari ya mapato, kila kitu isipokuwa baiskeli. Alinisikiliza huku akimfunga mama yake kidonda. Alipomaliza akanawa mikono.

"Nenda," alisema. "Miye niko hapa."

Nililitoa begi. Nililiweka juu ya kitanda, nikatia mashati mawili, kisha nikakaa kando yake. Mbuzi alikuwa anatingisha mnyororo uani. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi, nikayatoa mashati nikayarudisha msumarini. Sikumwambia mke wangu, na yeye hakuniuliza, ila usiku wakati wa chakula alinipa kichwa cha samaki, ambacho kwa haki ni cha mama yake.

Ikapita miezi. Nikajifunza kushuka kwenye baiskeli kwa habari ya mguu. Nikajifunza kutoka Konde mapema zaidi, ili salamu zipate nafasi na mikate ifike. Mguu wenyewe ukaanza kufunga, na nikajikuta naitangaza habari hiyo baraza kwa baraza kama nimepona mimi. Lakini ukutani mwa msikiti baiskeli yangu iliendelea kuningoja pale pale nilipoiacha, kila siku, na kila siku nilitoka nikaitazama kabla sijavaa kandambili.

Siku ninayotaka kuisema nilikuwa tena shambani, nachimba muhogo. Baiskeli ilikuwa nyumbani, haikufungwa. Simu ilikuwa kwenye chaji. Nilinyoosha mgongo, na nilipotazama njiani nikaiona. Niliijua kwa kitambaa cha kijani nilichofunga kwenye usukani. Fundi alikuwa anakuja nayo.

Sitaficha. Nilifurahi. Nilifurahi hata nikacheka peke yangu katikati ya matuta, nikainua jembe juu kama mpumbavu, nikapiga kelele, "Umeichukua! Umeichukua leo!"

Hakuinua mkono. Ndipo nikaona kwamba hajapanda. Alikuwa ameshuka mbali, kule penye jiwe la mpaka, na alikuwa anakuja kwa miguu, pole pole, baiskeli ubavuni. Ni mchanga, nikajiambia, ndiyo sababu anakokota. Lakini mahali alipokuwa palikuwa bado pagumu, kila mtu hupanda mpaka pale. Nikatazama tairi la nyuma. Limejaa. Nikatazama la mbele. Sijawahi katika maisha yangu kumwomba Mungu pancha, nilimwomba siku ile.

Nikafikiri mke wangu. Nikafikiri mama mkwe. Kilosa sikukufikiria, kulikuwa mbali mno. Zilikuwa kama hatua arobaini, naye hakuziharakisha hata moja, na mimi sikumwendea. Sasa najua kwa nini hawaendeshi mpaka mlangoni. Alipofika kwangu jembe lilikuwa limeshaniponyoka, na sehemu fulani yangu ilikuwa imeshakubali, ingawa haijui inakubali nini.

Baiskeli aliiachia ikaanguka. Akanishika mabega yote mawili kwanza.

"Nkeo kaniagiza," alisema. "Simu imepigwa kutoka kwenu Kilosa. Ni mamako."

Nikaanguka. Hakuniacha nifike chini. Alikuwa na mikono ya kazi, ina harufu ya gundi ya viraka, na alinishika muda mrefu, mpaka nilipoweza kuuliza.

"Wanazika lini?"

"Leo, alasiri."

Utakujaje, aliniuliza mama. Nami nilicheka.

Fundi aliiinua baiskeli, akaifuta mchanga kwenye kiti. "Panda," akasema, na akanionyesha keria. Sikuwahi kukaa kwenye keria ya baiskeli yangu mwenyewe. Tulipofika kwenye njia ngumu akapiga pedali, nami nimeshika shati lake. Tulipopita mabarazani watu walisimama, na hakuna aliyeuliza habari ya mguu.

Kesho yake binti wa yule mzee alifika kutoka Shumba, na kanga mpya kwa mke wangu na chupa ya chai. Uani alinikuta peke yangu. Hatukuwa tumezungumza tangu ile khitma.

"Hukumwona?" aliniuliza.

"Sikumwona."

Alitikisa kichwa, akavuta kibao cha kukunia nazi, akakaa hapo nilipokaa mimi. Hakuondoka haraka.

Alasiri nilikwenda kuswali. Baiskeli niliiegemeza ukutani pamoja na nyingine. Nilipotoka haikuwapo. Nilivaa kandambili zangu, sikumuuliza mtu, nikarudi nyumbani kwa miguu.